Mifereji Miwili, Paipu Moja

Somo la vikundi: jinsi ya kujua kama njia mbili za intaneti zinapita mahali pamoja

Somo la mara hii laweza kuonekana kama ni la wataalamu wa mjini, lakini sivyo. Ni somo la kila kikundi ambacho mweka hazina wake anabeba laini mbili mfukoni na kusema, "Moja ikilala, nyingine itaamka." Je, ni kweli itaamka? Tutajuaje kabla ya siku ya shida?

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze kueleza kwa nini laini mbili zinaweza kuwa njia moja, na aweze kufanya jaribio dogo kwa simu mbili, saa na daftari.

Yaliyotupata sisi

Kwanza tuwaambie yaliyotupata, maana mwalimu asiyekubali makosa yake hafundishi vizuri.

Hapa ofisini tulikuwa na laini moja ya intaneti. Ilikuwa ikikatika mara kwa mara, na kazi inasimama. Kamati ikakaa, ikaamua tuchukue laini ya pili kutoka kampuni nyingine. Tukawa tunalipa mbili kila mwezi, na kila mtu akalala usingizi mzuri. Basi ikafika siku ya mwisho ya kutuma hesabu za vikundi vya kuweka akiba. Saa nne asubuhi laini ya kwanza ikalala. Tukacheka, tukafungua ya pili. Nayo imelala! Tulikaa hivyo mpaka kesho yake jioni. Hesabu zilichelewa, na vikundi vitatu vilingoja pesa za mbegu wakati mvua imeshaanza kunyesha.

Fundi alipokuja alitueleza mambo wazi. Kampuni zile mbili zilikuwa zinakodi waya mmoja, uliozikwa kwenye mtaro mmoja kando ya barabara. Tingatinga la watengenezaji barabara liliukata. Majina yalikuwa mawili, bili zilikuwa mbili, lakini waya ulikuwa mmoja. Tulikuwa tumelipia njia moja mara mbili.

Uchungu wetu haukuwa pesa tu. Tulikuwa na dalili mbele ya macho miezi mingi na hatukuzisoma. Kila laini ya kwanza ilipokuwa nzito, ya pili nayo ilikuwa nzito dakika ile ile. Tulisema, "Leo mtandao ni mbaya," tukaacha hapo. Dalili hizo ndizo somo letu la leo.

Tuanze na maji

Vikundi vingi vinajua mradi wa maji, kwa hiyo tuanzie hapo.

Tuseme kuna tangi juu ya mlima. Paipu moja inashuka mpaka njia panda. Hapo inagawanyika: tawi moja linaenda kwa mama Wanjiru, lingine linaenda shuleni. Sasa paipu yote imezikwa, hakuna anayeiona. Mzee aliyeizika alishafariki na ramani haipo. Je, unaweza kujua kama mfereji wa mama Wanjiru na mfereji wa shule vinatoka paipu moja, bila kuchimba?

Unaweza. Weka mtoto mmoja hapa na mwingine kule, kila mmoja na saa na karatasi. Kila dakika waandike: maji yana nguvu, au yamepungua. Wakimaliza, weka karatasi mbili kando kwa kando. Ikiwa kila mara maji yanapungua kwa mama Wanjiru yanapungua na shuleni, na yanarudi pamoja, basi mahali panapobana ni juu ya njia panda, pale wanapogawana. Ikiwa kwa mama Wanjiru yanapungua na shuleni yako sawa, basi shida iko kwenye tawi la mama Wanjiru peke yake.

Angalieni mambo matatu hapa. La kwanza, hatukuchimba hata futi moja; tulitazama mwisho wa njia tu. La pili, tulihitaji maji yapungue. Kama maji yangekuwa na nguvu siku nzima, karatasi zote mbili zingesema "sawa, sawa, sawa", na tusingejifunza kitu. Ni mahali panapobana ndipo panapotoboa siri. La tatu, hatukujua kama njia nzima ni moja. Tulijua tu kwamba mahali panapobana ni pamoja. Lakini kwa mwenye kiu hilo ndilo la maana.

Intaneti ni foleni

Sasa tuje kwa intaneti. Ujumbe, picha au hesabu unayotuma haiendi ikiwa nzima kama barua katika bahasha. Inakatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kila pakiti imeandikwa inakotoka na inakokwenda. Njiani kuna mashine zinazoitwa ruta. Ruta ni kama kondakta wa stendi: anapokea pakiti, anasoma anwani, anaisukuma kwenye gari linalofuata.

Pakiti zikija nyingi kuliko waya wa mbele unavyoweza kubeba, zinapanga foleni ndani ya ruta. Foleni ikiwa ndefu, pakiti inachelewa. Foleni ikijaa kabisa, pakiti zinazofuata zinatupwa. Hivyo mtumiaji anaona mambo mawili: kuchelewa na kupotea.

Foleni hii haikai sawa. Inapanda na kushuka kila mara, hata ndani ya sekunde moja, kwa sababu watu wengi wanaingia na kutoka. Basi pakiti zako zikipita kwenye foleni hiyo, kuchelewa kwake kutapanda na kushuka kama foleni yenyewe. Na pakiti za jirani zikipita kwenye foleni ile ile, nazo zitapanda na kushuka vivyo hivyo. Ni kama watu wawili waliofika kazini wamechelewa. Mmoja ametoka mashariki na mwingine magharibi, lakini siku anazochelewa huyu ndizo anazochelewa yule. Bila kuwauliza utajua kuna daraja moja wanalovuka wote.

Shida hii si ngeni. Mnamo Oktoba 1986, huko California nchini Marekani, njia kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilikwama. Sehemu hizo mbili ziko karibu, kama mita 370 tu. Mwendo wa data ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde mpaka biti 40 kwa sekunde. Yaani kama lori lililogeuka konokono. Van Jacobson na Michael Karels walichunguza, na mwaka 1988 Jacobson akatoa maandishi yaliyoeleza sababu: kila kompyuta ilikuwa ikituma upya pakiti zilizopotea bila kupunguza mwendo, na kuzidi kuijaza foleni ile ile. Dawa ikawa ni kufundisha kila kompyuta kupunguza mwendo inapoona pakiti zinapotea. Dawa hiyo iliponya intaneti, na wazo lake linatumika mpaka leo.

Njia ya kwanza: kuuliza kila kituo

Kuna njia mbili za kutambua kama data inapita mahali pamoja. Ya kwanza ni kuuliza.

Kila pakiti ina tarakimu ya uhai wake. Kila ruta inayoipokea inapunguza moja. Tarakimu ikifika sufuri, ruta inaitupa pakiti na kumrudishia mtumaji taarifa: "Pakiti yako imefia kwangu." Van Jacobson huyo huyo alitengeneza programu inayotumia ujanja huu kuijua njia. Tuma pakiti yenye uhai wa 1, ruta ya kwanza itajibu. Tuma yenye uhai wa 2, ya pili itajibu. Endelea hivyo mpaka mwisho, na utapata orodha ya vituo vyote. Programu inayofanya kazi hiyo inaitwa traceroute. Ukiitumia kwenye laini mbili, unalinganisha orodha. Jina moja likionekana kwenye zote mbili, njia zimekutana.

Ni njia nzuri, lakini msiitegemee peke yake. Ruta nyingine zinakataa kujibu, na orodha inabaki na nafasi tupu. Tena orodha inaonyesha vituo, haionyeshi mtaro. Ruta mbili za kampuni mbili zenye majina tofauti zinaweza kutumia nyaya zilizolala kwenye shimo moja. Ndivyo ilivyotupata sisi. Orodha ingesema "njia mbili", na tingatinga likasema "moja".

Njia ya pili: kusikiliza foleni

Njia ya pili ni ile ya watoto na mifereji. Hatumuulizi mtu. Tunapima kuchelewa kwa laini hii na kuchelewa kwa laini ile kwa wakati mmoja, halafu tunalinganisha.

Wataalamu watatu, Dan Rubenstein, Jim Kurose na Don Towsley, waliandika juu ya jambo hili katika jarida la kitaaluma mwaka 2002. Wazo lao linaeleweka hata kwa mkulima. Chukua misafara miwili ya pakiti, A na B. Angalia pakiti ya A na pakiti ya B zilizofika moja nyuma ya nyingine, karibu sana. Kuchelewa kwao kunafanana kiasi gani? Halafu angalia pakiti mbili za A peke yake, ambazo zimeachana kidogo zaidi. Hizo zinafanana kiasi gani? Ikiwa A na B zinafanana kuliko A na A, basi zilisimama kwenye foleni moja. Kwa nini? Kwa sababu waliosimama pamoja kwenye foleni moja wamengoja karibu sawa, hata kama wametoka nyumba tofauti. Lakini ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja akitangulia na mwingine akifuata baadaye, kila mmoja anakuta foleni ya urefu wake.

Mwezi wa Juni 2018, IETF, ambalo ni jopo la kimataifa linaloandika kanuni za intaneti, lilitoa maandishi yanayoitwa RFC 8382 juu ya kazi hii. Hapo mashine haihitaji kulinganisha pakiti moja moja. Kila msafara unafupishwa kwa vipimo vichache: kuchelewa kunabadilika kwa kiasi gani, kumeinamia upande gani, kunapanda na kushuka mara ngapi, na pakiti ngapi zimepotea. Misafara ambayo vipimo vyake vinakaribiana inawekwa katika kundi moja. Ni kama mchungaji anayegawa mifugo kwa alama za masikio.

Mtu atauliza: "Je, kama saa za mashine mbili hazilingani?" Swali zuri. Hatutafuti saa kamili pakiti ilipofika. Tunatafuta mabadiliko. Saa yako ikiwa mbele dakika tano, bado utaona kuchelewa kukipanda na kushuka. Mwenye mizani mbovu inayoongeza kilo mbili kila mara bado anaweza kujua ndama wake anaongezeka au anapungua.

Kwa nini wenye programu wanajali: ni jambo la haki

Kwa upande wao, wataalamu hawa wana sababu nyingine, na inafaa vikundi viijue kwa maana ni sababu ya haki.

Mnajua mambo ya kisima wakati wa kiangazi. Watu wamepanga foleni, kila nyumba mtungi mmoja. Halafu kuna jirani anayetuma watoto wawili, kila mmoja na mtungi, kana kwamba hawajuani. Nyumba yake inapata mara mbili ya wengine. Kama visima vingekuwa viwili, na kila mtoto ameenda chake, hakuna kosa. Kosa liko pale kisima ni kimoja.

Simu na kompyuta za siku hizi zinafanya hivyo hivyo. Katika mazungumzo ya video, sauti inaweza kwenda kwa msafara wake na picha kwa msafara wake. Simu nyingine inaweza kutumia Wi-Fi na laini ya simu kwa pamoja. Ikiwa njia ni mbili kweli, kila msafara ujisukume unavyoweza. Lakini ikiwa foleni ni moja, misafara hiyo inapaswa kugawana fungu moja, ili anayetumia msafara mmoja asidhulumiwe. Tena, misafara ya mtu mmoja isiposhirikiana inaumizana: picha inaijaza foleni, na sauti inakatika. Ndiyo maana mashine lazima ijue kwanza: je, tuko kisima kimoja au viwili?

Mambo yanayodanganya

Msikimbilie kusema "ni njia moja" kwa sababu mmeona mara mbili tatu zinafanana. Kuna mambo yanayofanana bila kuwa kitu kimoja.

1. Saa ya jioni. Karibu saa mbili usiku watu wamekula, wote wanafungua simu. Mtandao wa kampuni zote unakuwa mzito. Hiyo si dalili ya njia moja, ni tabia ya watu. Kwa hiyo tazama mabadiliko ya ghafla, ya sekunde na dakika, wala si yale ya mchana na usiku.

2. Stima. Stima ikipotea na minara miwili haina betri nzuri, yote miwili italala. Hapo wanagawana stima, si lazima wagawane waya. Lakini kwa kikundi matokeo ni yale yale, kwa hiyo andika pia.

3. Kuchelewana. Mfereji ulio mbali unapungua baadaye kidogo kuliko ulio karibu. Laini mbili zinaweza kupita foleni moja na bado moja ikaonyesha dalili kwanza. Ukiona B inafuata A kila mara kwa muda ule ule, usiitupe dalili hiyo.

4. Siku nzuri. Foleni isipokuwepo hakuna dalili. Kutofanana siku ya utulivu si ushahidi kwamba njia ni mbili.

Baharini nako ni hivyo

Tusidhani jambo hili ni la mtaro wa kijijini tu. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya nje. Mwaka huo kebo za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kwa njia ya bahari, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Watu walifurahi: sasa tuna njia nyingi!

Februari 2012 kebo kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu. Siku chache baadaye nanga ya meli ikaikata TEAMS karibu na Mombasa. Hapo ilikuwa mahali pawili tofauti, lakini wakati mmoja.

Mwaka 2024 tukapata somo lingine. Mnamo Februari SEACOM na kebo nyingine mbili zilikatika katika Bahari ya Shamu. Data nyingi ikaelekezwa kusini. Halafu tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zikakatika siku moja, huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikawa nzito Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani. Kebo mbili, kampuni mbili, lakini zimelala kwenye ukanda mmoja wa bahari.

Jambo moja la faida: si kila data inavuka bahari. Tangu 2002 kituo cha kubadilishana data cha KIXP kinafanya kazi Nairobi, na kampuni zilizojiunga zinaweza kupeana data ya humu nchini bila kuipeleka ng'ambo. Kwa hiyo ukiona tovuti ya Kenya inafunguka vizuri na ya ng'ambo imekwama, umeshajua kitu: mahali panapobana pako mbele, si kwenye mnara wako.

Zoezi la kikundi

Sasa tufanye wenyewe. Mnahitaji simu mbili zenye laini za kampuni mbili, saa, daftari na watu wanne: wawili wa kusoma na wawili wa kuandika.

Hatua ya 1. Zimeni Wi-Fi kwenye simu zote mbili, kila simu itumie laini yake tu. Mkiunganisha zote kwenye Wi-Fi moja mtakuwa mnapima njia moja bila kujua.

Hatua ya 2. Wekeni programu ya bure ya ping. Ping inatuma pakiti ndogo na kuonyesha imechukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi. Milisekunde 1,000 ni sekunde moja.

Hatua ya 3. Chagueni anwani mbili zilizo mahali tofauti, kila simu na yake. Zote mbili zikielekea anwani moja, foleni inaweza kuwa huko mwisho kwa mwenye anwani, na mkadhani ni kwenu.

Hatua ya 4. Kila sekunde 10, wasomaji wasome pamoja na waandishi waandike. Fanyeni hivyo dakika 10. Mtapata mistari 60 kwa kila simu.

Hatua ya 5. Tafuteni kiasi cha kawaida cha kila simu, kile kinachoonekana mara nyingi. Mstari uliozidi kawaida kwa nusu au zaidi, wekeni alama ya X. Pakiti iliyopotea nayo ni X.

Hatua ya 6. Sasa hesabuni. Tuseme simu A ina X 10 na simu B ina X 12. Kama hazina uhusiano wowote, ni mara ngapi X zao zingekutana kwenye mstari mmoja kwa bahati tu? Zidisheni 10 kwa 12, mgawanye kwa 60. Jibu ni 2. Basi X zikikutana mara 2 au 3, hiyo ni bahati. Zikikutana mara 8 au 9, hiyo si bahati tena. Kuna mahali wanapogawana.

Hatua ya 7. Rudieni siku nyingine na saa nyingine, angalau mara tatu. Ushahidi wa siku moja ni wa shahidi mmoja. Mkitaka kujua pale wanapogawana, fanyeni tena mkiwa kijiji kingine chenye mnara mwingine. Kufanana kukiisha huko, walikuwa wakigawana hapa karibu na kwenu. Kukiendelea, ni mbali zaidi.

Msisahau pia kutumia macho. Tembeeni mpaka kwenye mnara. Mara nyingi kampuni mbili au tatu huweka mitambo yao kwenye mnara mmoja. Mkiona hivyo mmeshapata sehemu ya jibu bila bando lolote.

Tukishajua, tufanye nini?

Kama zoezi linaonyesha njia ni moja, msikate tamaa na msivunje laini kwa hasira. Laini mbili bado zinasaidia pale kampuni moja ina shida zake. Lakini msizihesabu kuwa kinga kamili. Tunashauri hivi:

Mwulizeni anayewauzia huduma swali moja wazi: "Data yetu inapita wapi kutoka hapa mpaka Nairobi, na ni ya nani?" Asiyejua aulize wakubwa wake. Kikundi kinacholipa kila mwezi kina haki ya kujua.

Mkitafuta njia ya pili, tafuteni ya aina tofauti. Kama ya kwanza ni waya, ya pili iwe ya mnara. Kama zote ni za mnara, tafuteni minara tofauti.

Daftari la hesabu liendelee kuandikwa kwa kalamu. Katibu asiseme, "Yako kwenye simu." Siku ya kugawa akiba, pesa kidogo taslimu ziwe zimetolewa mapema, zikihifadhiwa kwa utaratibu wa watu watatu kama katiba yenu inavyosema.

Kazi yenye tarehe ya mwisho isingoje siku ya mwisho. Hili tulijifunza kwa machozi.

Sisi wenyewe baada ya aibu ile tuliachana na laini moja ya waya, tukachukua ya mnara ulio upande mwingine wa mji. Tulifanya zoezi hili mara nne kabla ya kulipa. X zilikutana kwa bahati tu. Tangu hapo laini ya waya imelala mara kadhaa, na ya mnara ikabaki macho. Hatusemi hazitalala pamoja kamwe. Tunasema sasa tunajua tunacholipia.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, ni vitu gani viwili tunavyovihesabu kuwa viwili, kumbe vinategemea kitu kimoja? (Fikirieni pia maji, barabara, mnunuzi wa mazao, mtu mwenye ufunguo wa sanduku.)

2. Kwa nini mtoto wa mfereji hawezi kujifunza kitu siku ambayo maji yana nguvu tele?

3. Simu A ina X 15, simu B ina X 20, mistari ni 60. Kwa bahati tu X zingekutana mara ngapi? (Jibu: 5.)

4. Jirani mwenye watoto wawili kisimani: ni wakati gani anakosea, na ni wakati gani hakosei?

5. Laini zetu zote zikilala siku ya kugawa akiba, nani atafanya nini? Andikeni majina.

Kikundi kitakachofanya zoezi kitutumie mistari yake 60 na jina la kijiji, kwa barua au kwa mkono wa mhudumu wa eneo. Tukipata nyingi tutaziweka pamoja, na katika toleo lijalo tutawaonyesha ni vijiji gani vinakunywa paipu moja.